Mate ya Anuar

Jumatatu, 1 Machi 2004
Mvua tangu asubuhi. Daftari hili nimelipata kliniki, mende wamekula pembe zake na wakubwa wakasema litupwe. Nimeamua kuandika kwa sababu nimeanza kusahau. Jana nilikaa kitandani nikijaribu kukumbuka mume wangu Bonaventura alikuwa akianza kuvaa kiatu cha mguu gani. Nadhani wa kushoto. Tangu tumzike kule Kanazi ni mwaka mmoja na miezi mitano, na tayari nasema nadhani.

Mimi ni msafishaji katika kliniki ya shirika hapa Ngara. Nafagia, napiga deki, naosha vyombo vya maabara. Nilimaliza darasa la saba. Nina binti mmoja, Iteka, ana miaka minane.

Ukuta mmoja unatutenganisha na Anuar na mke wake Asmaa. Anuar anaendesha lori lile lile aliloendesha Bonaventura, la kupeleka mahindi na maharage kwa wakimbizi kambini Lukole. Si kosa lake, lori haliwezi kukaa bila dereva. Lakini likiunguruma asubuhi mwili wangu unaamka kabla yangu.

Jumatano, 3 Machi
Mvua. Maharage ya uani yameanza kutambaa.

Jumamosi, 6 Machi
Asmaa alikuja kuazima kinu. Akajitupa kwenye mkeka wangu kama mtu aliyetoka kulima.

"Dada, sijalala. Yule mtu anakoroma! Nimemgeuza huku, nimemgeuza kule. Ningekuwa na mahali pa kwenda ningehama."

Nikacheka kama inavyopasa. Alipoondoka nikafikiria jinsi alivyosema "yule mtu". Anaye hadi anamchoka. Mimi hata mkoromo nisingeuchagua, ningepokea wowote.

Jumanne, 9 Machi
Bibi Niragira, mama yake Anuar, amekuja kutoka kijijini kukaa nao wakati wa mvua. Anakohoa hadi sufuria zangu zinasikia. Yeye ni Mhangaza kama mimi, aliolewa na mfanyabiashara Mwislamu, lakini mambo ya kwao hakuyaacha. Hapokei kinywaji kutoka kwa mtu yeyote mpaka aliyekileta akionje kwanza mbele yake. Chai, uji, maji, yote. Kwetu wazee wengi ni hivyo, wanaogopa sumu, ila yeye amezidi.

Nikamwambia, "Shikamoo Bibi, kifua vipi?"

"Marahaba mwanangu. Kifua kimekuwa ngoma."

Nampenda. Ananiita mwanangu na hanitazami kwa huruma.

Kliniki kulikuwa na dawa ya maji ya kikohozi iliyobaki kwenye chupa ya mgonjwa aliyehama. Niliambiwa niimwage. Sikuimwaga. Niliitia kwenye chupa ya soda nikampa Asmaa. "Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Usiseme nimeitoa wapi." Akanibusu mkono. Anuar ameniita leo "shemeji wa dhahabu" kupitia dirishani.

Alhamisi, 11 Machi
Lazima niandike sawasawa yaliyotokea leo.

Asubuhi nilikuwa nafagia uani, mvua imekata kidogo. Bibi amekaa barazani, Asmaa ndani anakanda unga. Anuar katoka na kijiko cha dawa, funguo mdomoni, amechelewa.

"Mama, kunywa haraka, gari linanisubiri."

"Onja."

"Ni mimi, mama. Mwanao uliyenizaa."

"Aliyemlisha sumu babu yako alizaliwa na nani? Jiwe? Onja."

Anuar akacheka, akaweka funguo chini, akalamba kijiko, akajaza tena. "Haya, sijafa." Bibi akanywa. Anuar akafuta midomo kwa kiganja akakimbia. Kuanzia kwetu hadi lango la shirika ni mwendo wa dakika tano.

Leo langoni walikuwa wakipima madereva kama wametumia dawa za kulevya. Huwa hawasemi siku. Walitajwa wanne, Anuar mmoja wao. Leonidasi wa maabara huwaweka kwenye benchi dakika kumi bila kula wala kunywa, halafu anampa kila mmoja kijiti chenye sponji kichwani, akiweke kati ya shavu na ufizi. Sponji ikilowa mate inatiwa kwenye kisahani cha plastiki. Mistari ikitokea yote, uko salama. Ukikosekana mmoja, kuna kitu. Mimi nilikuwa nafuta meza ya pembeni.

Kwenye kisahani cha Anuar, mstari wa dawa za jamii ya afyuni haukutokea.

Nilijua papo hapo. Ile dawa ya kikohozi ina kodeini, ambayo ni ya jamii hiyo. Najua kwa sababu mwaka jana Leonidasi alimkemea muuguzi mbele yangu kwa kumpa dereva. Nilikuwa nimeshika kitambaa, nikafungua mdomo, halafu nikamwona Anuar pale mlangoni akisubiri kuambiwa aende, akichezesha funguo zile. Nikafuta meza mara ya pili.

Ijumaa, 12 Machi
Wamemsimamisha kazi. Wamechukua na mkojo wake, umewekwa kwenye friji ya maabara.

Ningependa kuandika kwamba ninanyamaza kwa woga. Ni kweli naogopa, nilitoa dawa bila ruhusa na nitafukuzwa. Lakini woga ulikuja baadaye, jioni, nilipokuwa napika. Pale mezani, kitu cha kwanza kilichopita moyoni kilikuwa hiki: sasa na yeye ataona.

Na sikuwa namfikiria Anuar. Nilikuwa namfikiria Asmaa.

Jumamosi, 13 Machi
Wanawake walijaa uani kwa Asmaa leo, wengine kwa pole, wengine kutazama. Jirani wa nyuma, ambaye mdomo wake haujawahi kufungwa, akasema, "Lakini mwenzangu, hivyo vipimo vya wazungu vinaona hadi ulichokula juzi."

Asmaa alisimama, mikono imejaa unga. Akasema kwa sauti hadi mtaani, "Mume wangu hatumii kitu chochote! Kipimo kimekosea. Waje wapime hata kucha!"

Anuar alikuwa amekaa ndani, mlango uko wazi. Nilimwona akiinua kichwa.

Nilirudi kwangu nikaketi. Mwaka juzi, mwezi wa nane, kijiti kile kile kilisema Bonaventura amevuta bangi. Alikuja nyumbani mchana, akasimama hapa kwenye kizingiti na kofia mkononi, akasema, "Mama Iteka, sijavuta." Nikamjibu, "Kipimo hakikujui, kitakusingizia kwa nini?"

Hayo ndiyo maneno yangu, sikuongeza mengine. Hakubishana nami. Alikula, akanawa, akamsaidia Iteka kuchonga penseli. Wiki mbili baadaye akapata kazi ya lori la mtu binafsi, la kubeba mahindi kutoka Nyarubungo. Breki zake alizilalamikia mara tatu. Mwezi wa kumi zikamwacha kwenye mteremko kabla ya Biharamulo mjini.

Asmaa hata hakufikiri. Unga mikononi, na neno likatoka zima. Hilo ndilo ninalomwonea wivu. Lori hapana, wala kukoroma.

Jumapili, 14 Machi
Misa. Mvua kubwa, hatukusikia mahubiri.

Jumatatu, 15 Machi
Nikiwa naosha vyombo nilimuuliza Leonidasi, kama mtu anayeuliza tu, kipimo cha mate kinakosea?

Anapenda kuulizwa. Alivua miwani. "Mama Iteka, kipimo hakikosei, kinajibu swali lake tu. Mate yanasema nini kimepita mdomoni hivi karibuni. Mkojo unasema nini kimepita mwilini siku hizi mbili tatu. Damu ndiyo inasema zaidi kama mtu amelewa sasa hivi, lakini uiwahi. Ukimuuliza mmoja swali la mwenzake, atakudanganya bila nia mbaya."

"Na zile dakika kumi za kwenye benchi?"

"Za kusafisha mdomo. Chai, karanga, sawa. Kitu kizito cha sukari kinachoganda kwenye meno, mimi mwenyewe siamini kama kinatoka kwa dakika kumi. Kile kijiti ni chekecheke. Kinachobaki juu lazima kipelekwe Mwanza kwenye mashine."

"Basi si mpeleke mkojo wa Anuar?"

"Utaratibu ni kwamba aliyepimwa aeleze kwanza sababu. Apinge kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne, hadi tarehe ishirini na tano. Na yeye fomu ameshaijaza. Umetumia dawa ya hospitali? Hapana. Ya duka? Hapana. Ya kienyeji? Hapana. Hakuacha hata kaupenyo."

Anuar hakudanganya. Kuonja kwa ajili ya Bibi hakuhesabu. Ameonja kila kitu kilichoingia kinywani mwa mama yake tangu akiwa mtoto, ni kama kupangusa miguu kabla ya kuingia ndani. Nani huandika kwenye fomu kwamba alipangusa miguu?

Jumatano, 17 Machi
Anuar anashinda nyumbani. Ameziba paa panapovuja, amefyeka njia ya chooni, ya kwao na ya kwetu. Alinikuta nimesimama.

"Shemeji, wewe uko kule ndani. Hivi wanasemaje?"

"Hawasemi mbele yangu."

"Nimejiuliza hadi kichwa kinauma. Labda wale wa Lukole walinipa kitu kwenye chai? Lakini nilikunywa kwao Jumanne." Akatikisa kichwa. "Bonaventura alikuwa akiniambia, kijiti kile kikikukataa hata mama yako atakutilia shaka. Nilimcheka."

Nikasema nimeacha chungu jikoni. Chungu hakikuwepo.

Alhamisi, 18 Machi
Lori limepewa dereva mwingine kwa muda. Analipigia honi ovyo.

Jumamosi, 20 Machi
Nimekuwa nikimchunguza Asmaa kama mtu anayetafuta doa kwenye shuka. Nataka nimwone akichoka, akimfokea mumewe, akinuna. Leo nilimkuta akimkata Anuar nywele barazani. Walikuwa wakibishana kwa furaha.

"Kaa tuli, nitakutoa sikio."

"Litoe, silitumii. Wewe husemi la maana."

"Bibi, unamsikia mwanao?"

Bibi Niragira kutoka kwenye mkeka: "Mkate yote mawili, apungue kiburi."

Wamesimamishiwa riziki, wanacheka. Nilitamani kuwamwagia maji. Niliingia ndani nikagundua nimeuma shavu hadi damu.

Asmaa alinifuata baadaye, uso umebadilika. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, yalipokukuta wewe, ulifanyaje? Nifundishe."

Nikamwambia, "Sikufanya kitu." Hilo ni kweli. Akafikiri ni unyenyekevu, akanishika bega.

Jumapili, 21 Machi
Bibi amepona kikohozi. Amemaliza chupa. Amenitumia ndizi mbivu kwa shukrani, na moja imeng'atwa nchani: ameionja kwanza, ili nisiogope.

Jumatatu, 22 Machi
Nimesema.

Sikuwa nimepanga. Saa mbili asubuhi nilikuwa napiga deki maabara na Leonidasi akafungua friji kupanga chupa. Ile ya mkojo wa Anuar ilikuwa nyuma, na kibandiko chenye jina lake. Akasema, kama mtu anayesema habari za mvua, "Huyu siku zake zikiisha tunaimwaga."

Nikasema, "Usiimwage. Alilamba dawa ya kikohozi yenye kodeini asubuhi ile. Niliona. Dawa niliitoa mimi hapa."

Leonidasi alifunga friji taratibu. "Mama Iteka, unajua unachosema?"

"Najua."

"Kaa kwanza."

"Nikikaa sitasimama tena."

Akanipeleka ofisini kwa mzungu wa usalama na karani wa utumishi. Nilisimulia kwa Kiswahili, karani akatafsiri. Mzungu hakuelewa habari ya kuonja. Aliuliza mara tatu: kwa nini mtu mzima anywe dawa ya mama yake? Karani ni mtu wa Bukoba, akaeleza hadi akatoa jasho, mwishoni akachukua glasi ya maji ya mzungu pale mezani, akainywa funda moja, akamrudishia. "Hivi. Sasa unaweza kunywa." Mzungu aliitazama glasi. Nadhani hapo alielewa, ila hakuinywa.

Akauliza dawa ilikuwa kwenye chupa gani, nani mwingine aliona, muda gani ulipita hadi benchi. Nilijibu yote. Kisha akauliza kitu na karani akasita kabla ya kutafsiri.

"Anauliza, ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile, mezani."

"Leo ni tarehe ishirini na mbili."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

Nikasema niliogopa kufukuzwa. Karani akaandika. Imeandikwa hivyo sasa kwenye faili la shirika, kwamba niliogopa. Humu daftarini nimeshaandika lingine.

Nimesimamishwa. Nimerudisha ndoo, koti na ufunguo wa stoo. Anuar ameitwa ofisini mchana, ameandika pingamizi lake.

Jumatano, 24 Machi
Chupa imekwenda Mwanza. Iteka ameniuliza kwa nini niko nyumbani. Nimesema napumzika.

Jumatatu, 29 Machi
Mvua, mvua. Njia ya Lukole imekatika, malori yamelala. Asmaa hajaja. Anajua kwamba nimesema, kila mtu anajua. Sijui kama anajua siku.

Jumatatu, 5 Aprili
Majibu yamekuja. Mashine ya Mwanza imekuta kodeini kidogo sana, kama ya mtu aliyelamba kijiko, na hakuna kingine chochote. Anuar anarudi kazini Alhamisi. Honi zimepigwa, Bibi amepiga vigelegele hadi kikohozi kikarudi.

Mimi nimefukuzwa. Karani alinikabidhi barua akiangalia pembeni. Sikuwa na la kupinga, dawa nilichukua.

Kabla ya kuondoka nilipita kwa Leonidasi. Nikamuuliza mkojo wa Bonaventura ulikwenda Mwanza?

Alijua nitauliza. Hakuvua miwani safari hii. "Wakati ule hatukuchukua mkojo. Ilikuwa mate tu. Utaratibu wa kuhakiki ulikuja baadaye, madereva walipolalamika."

"Basi kijiti kile kilikuwa kizima?"

"Vilikaa kwenye kontena la bati kiangazi kizima, Mama Iteka. Sanduku limeandikwa visikae kwenye joto. Labda viliharibika, labda havikuharibika. Siwezi kukuambia alivuta, siwezi kukuambia hakuvuta. Hakuna kilichobaki cha kupima."

Ni mtu mwema. Angeweza kunidanganya.

Jumamosi, 10 Aprili
Kesho Pasaka. Mvua imepungua, nilikuwa nang'oa maharage yaliyowahi kukauka na Iteka anayapukuchua kwenye ungo. Asmaa akaja. Hakuketi.

"Nimekuja kukushukuru," akasema. "Umepoteza kazi kwa ajili yetu."

"Karibu uketi."

"Nimekuja na kuuliza pia. Karani amemwambia Anuar kwamba ulijua siku ile ile."

"Nilijua."

"Siku kumi na moja. Nilikuja kwako hapa, nikakuomba unifundishe. Ukanitazama. Na usiniambie woga. Woga ninaujua."

Nikasema, "Nilikuonea wivu."

"Wivu?" Aligeuka akatazama nyumba yao, kama kuna kitu hakukiona. "Wa nini? Bati bovu? Mama mkwe anayenifanya nionje hadi maji ya kunawa?"

"Ulisimama mbele ya watu na unga mikononi ukasema mumeo hatumii kitu. Hukufikiri hata kidogo. Mimi wa kwangu aliponiambia, nilimwambia kipimo hakikujui, kitakusingizia kwa nini. Amekufa na jibu hilo."

Asmaa akaketi, si kwenye mkeka, kwenye udongo mtupu.

"Dada," akasema. "Ijumaa ile, walipomleta, kitu cha kwanza nilinusa shati lake. Alipokwenda kuoga nikapekua mifuko yote. Nikatoa hadi pamba ya godoro upande wake. Nilikuwa na hakika nitakuta kitu. Unafikiri nilimwamini?"

"Lakini ulisema."

"Nilisema ili asikie. Alikuwa ndani, mlango wazi. Nilifikiri, kama amefanya nitamuua mimi mwenyewe baadaye, lakini mbele ya hawa asipate aibu. Nilipokwisha kulisema ndipo nikaanza kuliamini. Kidogo kidogo. Siku zingine sikuliamini kabisa, hata ile siku ya kumkata nywele."

Iteka alikuwa ameacha kupukuchua.

Asmaa akasimama, akakung'uta kanga. "Sitazisahau siku kumi na moja. Nisikudanganye. Lakini kesho njoo mle kwetu, wewe na mtoto, ni sikukuu yenu na nimechinja kuku. Bibi amesema usipokuja atakuja kukubeba." Akaenda.

Mwezi mzima nimekuwa nikimwonea wivu mwanamke kwa kitu ambacho hakuwa nacho. Alikuwa na shaka kama yangu. Tofauti ni neno alilolitoa na mimi nililolitoa, na mlango uliokuwa wazi.

Niliketi pale Asmaa alipoketi. Nikasema, kwa sauti ya kawaida, "Bonaventura hakuvuta."

Iteka akaniangalia. "Baba?"

"Baba yako. Walisema alivuta bangi, ndiyo maana walimfukuza. Hakuvuta."

"Wewe unajuaje?"

Hilo ndilo swali, na Mwanza hawana jibu lake.

"Aliniambia," nikasema.

Iteka akafikiri, akaitika kwa kichwa, akavuta ungo akaendelea kupukuchua.